Mapenzi ya Kivinjari: Usalama wa Mtandao kutoka Mtumba hadi Kibaigwa

Serikali ya Tanzania ilipotangaza Julai 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, watu walijadili viwanja, maji, barabara na nyumba za kupanga. Uhamisho wa pili ulikwenda sambamba na huo, nao haukupigiwa mbiu: kazi za ofisi zilikuwa zinatoka kwenye majalada na kuingia kwenye kivinjari. Leo mtumishi wa umma anayeomba uhamisho huingia ESS, mfumo wa watumishi. Mzabuni huingia NeST, mfumo wa ununuzi uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mhasibu yuko MUSE, mfumo wa malipo ya serikali. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetafuta ajira yuko Ajira Portal, na mdogo wake anayeomba mkopo yuko kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Wote hao, wawe Mtumba, Ng'ong'ona au Nkuhungu hapa Dodoma, hupitia programu ya aina moja, ambayo wengi hawakuwahi kuichagua kwa makusudi, lakini wako tayari kuitetea mbele ya yeyote.

Ubishi wenyewe unasikika kila mahali penye vijana na simu. Huyu anasema Opera Mini haili bando. Yule anasema Chrome ni nzito, lakini ni ya Google, kwa hiyo haina shaka. Wa tatu hataki kusikia lolote dhidi ya Phoenix iliyokuja na Tecno yake, maana inamshushia video na status za WhatsApp bila usumbufu. Ofisini mambo ni yale yale: kuna wanaoapa kwa Firefox, na kuna ambao hawajawahi kutoka kwenye Edge iliyokuja na kompyuta.

Mapenzi hayo yana sababu za haki, nyingi zikiwa za kiuchumi, wala makala hii haiji kuwacheka wenye nayo. Inakuja kusema kwamba mapenzi hayo hayamlindi mtu. Kinachomlinda ni umri wa toleo lililomo kwenye kifaa chake, pamoja na jicho linalosoma anwani kabla kidole hakijagusa. Jina la kivinjari linakuja nyuma sana.

Habari ya Opera Mini inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha wengi kupenda kivinjari. Opera ilizaliwa Norway, ndani ya kampuni ya simu ya Telenor, katikati ya miaka ya 1990. Januari 2006 ilitoa kwa dunia nzima programu ndogo iliyoweza kukaa kwenye simu za kawaida za Java, zile za vitufe. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ulifika Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea satelaiti, na kilobaiti ilikuwa na bei inayouma.

Opera Mini ililitatua tatizo hilo kwa kutoituma simu kwenda kuuchukua ukurasa. Simu iliiomba seva ya Opera. Seva ikaenda, ikaufungua ukurasa, ikaubana, ikaurudisha ukiwa mwepesi, wakati mwingine ukiwa na sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake. Mwanafunzi mwenye vocha ya shilingi mia tano aliweza kusoma magazeti, barua pepe na matokeo ya mitihani, na salio likabaki. Katika nchi ambayo watu hununua intaneti kwa siku au kwa wiki, hilo halikuwa jambo dogo. Uaminifu uliozaliwa hapo ulikuwa wa haki.

Lakini seva haiwezi kuubana ukurasa isioweza kuuona. Katika hali ile ya ubanaji wa juu, usimbaji fiche hautoki kwenye simu moja kwa moja hadi benki. Unaishia kwenye seva ya Opera, unafunguliwa pale, kisha unafungwa upya kwa safari iliyobaki. Opera yenyewe ililieleza jambo hili waziwazi kwenye maelezo yake, ikamshauri anayetaka usimbaji wa mwanzo hadi mwisho atumie kivinjari chake kikubwa. Maelezo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, kwenye kurasa za msaada ambazo mtu anayebana kilobaiti hana sababu ya kuzifungua. Kwa hiyo mamilioni ya watu walifanya biashara ambayo hawakuambiwa bei yake kwa lugha yao: bando likapungua, na mtu wa kati akaongezeka.

Kisha mtu huyo wa kati akabadilika. Agosti 2016 Opera ilitangaza kuwa wadukuzi wameingia kwenye seva zake za kuoanisha nywila na alamisho, huduma iliyokuwa na watumiaji hai wapatao milioni 1.7, ikalazimika kufuta nywila zao za huduma hiyo. Mwaka huo huo biashara ya kivinjari iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China kwa takriban dola milioni 600. Mwaka 2018 kampuni ikaingia soko la hisa la Nasdaq, Marekani, na ikaanza kusukuma habari za Opera News barani Afrika. Januari 2020 wachambuzi wa Hindenburg Research waliishutumu kwa kuendesha programu za mikopo, zikiwemo OKash na OPesa nchini Kenya, zenye riba kali na muda mfupi wa kulipa, ambazo ziliwapigia simu hata ndugu na marafiki wa mdaiwa. Opera ilizikana shutuma hizo. Aliyebaki na ikoni ile ile nyekundu kwenye simu yake tangu 2008 hakuulizwa lolote kuhusu mabadiliko haya. Imani aliyoiweka kwa kampuni moja ya Oslo ilihamishiwa kwa wamiliki wengine, wenye biashara nyingine, na yeye hana habari.

UC Browser ilipendwa kwa sababu hizo hizo: nyepesi, inashusha mafaili haraka, inaendelea pale mtandao ulipokatika. Mei 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba toleo lake la Kichina lilikuwa likituma namba za utambulisho za simu na laini, pamoja na mahali alipo mtumiaji, kwa njia ambayo yeyote aliye katikati ya mtandao angeweza kuisoma. Toleo la Kiingereza nalo lilivujisha maneno yaliyotafutwa. Nyaraka zilizotoka kwa Edward Snowden, mfichuaji wa siri za ujasusi wa Marekani, zilikuwa zimeonyesha kwamba mashirika ya kijasusi ya nchi za Magharibi yaliujua udhaifu huo miaka kadhaa kabla, nayo yaliutumia badala ya kuutangaza. Novemba 2017 Google iliiondoa UC Browser kwenye Play Store kwa siku chache. Juni 2020 India ikaipiga marufuku pamoja na programu nyingine 58 za Kichina. Uamuzi huo ulikuwa na siasa za mpaka wa India na China ndani yake, na ni vizuri kulikumbuka hilo pia.

Mtu anaweza kudhani dawa ni kukimbia vivinjari vya watu wa mbali na kushika majina makubwa. Septemba 2023 dunia ilipata jibu. Mwanzoni mwa mwezi huo, wataalamu wa Apple na wa Citizen Lab waliiarifu Google kuhusu kosa katika kipande kidogo cha programu kiitwacho libwebp, ambacho kazi yake ni kufungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuandika nje ya eneo la kumbukumbu ililopewa, na hapo mshambuliaji akapata nafasi ya kuendesha maagizo yake. Kosa lilikuwa tayari linatumiwa na wahalifu. Google ilitoa dawa kwa ajili ya Chrome Septemba 11, na Mozilla kwa ajili ya Firefox siku iliyofuata. Edge, Opera na Brave nazo zililazimika kufuata, na hata programu za ujumbe kama Telegram na Signal zilikuwemo, kwa maana zote zilitumia kipande kile kile.

Siri ambayo matangazo ya vivinjari hayaisemi ni kwamba chini ya majina mengi kuna mitambo michache. Opera iliacha mtambo wake mwenyewe mwaka 2013 na kuhamia Chromium, ule ule wa Chrome. Microsoft nayo ikafanya hivyo kwa Edge mwaka 2020. Samsung Internet na Brave nazo zimo humo humo. Firefox ina mtambo wake, na Safari ya iPhone ina wake. Basi wale vijana wawili wanaobishana, mmoja wa Chrome na mwingine wa Opera mpya, mara nyingi wanatetea rangi mbili za kitu kimoja. Hata mitambo tofauti haipishani sana kwa makosa. Machi 2025 kampuni ya Kaspersky iligundua tundu katika Chrome ya Windows lililokuwa likitumiwa kuwapeleleza wanahabari na wasomi wa Urusi. Mlengwa alitumiwa mwaliko kwa barua pepe, akagusa kiungo, basi, hakuhitajika kufanya jambo jingine lolote. Google iliziba Machi 25. Siku mbili baadaye Mozilla ikatoa dawa yake, kwani ilikuwa imekuta kosa linalofanana ndani ya Firefox.

Kutoka hapo swali linabadilika. Mtu mwenye busara haulizi tena ni kivinjari gani kisicho na matundu, maana hakipo. Anauliza dawa ikitoka, itamfikia lini.

Kwa mkazi wa nyanda za kati jibu la swali hilo linahuzunisha. Tangu Agosti 2023 Google hutoa marekebisho ya usalama ya Chrome kila wiki, ili kupunguza siku ambazo mhalifu anaweza kuisoma dawa iliyotangazwa na kuwashambulia wasioinywa. Lakini Play Store, kama ilivyopangwa kiwandani, husubiri Wi-Fi ndipo isasishe programu. Mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, mkulima wa zabibu wa Hombolo, bodaboda wa Majengo: hawa hawana Wi-Fi nyumbani wala kazini. Simu zao huishi kwa bando mwanzo hadi mwisho. Wapo pia waliozima masasisho kwa mikono yao, kwa sababu waliwahi kuamka asubuhi wakakuta bando la wiki limeliwa usiku mmoja. Simu yenye gigabaiti 16 nayo hujaa picha na video za vikundi vya WhatsApp, na sasisho likija linakataa kwa kukosa nafasi. Hivyo Chrome iliyomo ni ile iliyokuja na simu dukani, miaka mitatu iliyopita.

Wale wenye simu za zamani zaidi wamefungiwa kabisa. Kuanzia toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, Chrome inataka Android 10 au zaidi. Mwenye Android 8 au 9 amebaki na toleo la 138 na hatapata jingine. Simu ya namna hiyo inapita mikono kwa mikono, inauzwa kwa fundi, inanunuliwa na mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza, na kwa macho haina kasoro yoyote. Inafungua kurasa zote. Hakuna taa nyekundu inayowaka kumwambia mwenye nayo kwamba kila tundu litakalogunduliwa kuanzia sasa litabaki wazi kwake daima. Huu ndio upande wa jambo hili unaopaswa kuwakera watunga sera kuliko mwingine wowote: usalama umefungwa kwenye bei ya simu, na masikini anabebeshwa hatari ambayo mwenye simu mpya haijui.

Wakati mwingine hatari hutangulia hata kivinjari. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kama Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizowaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Upstream ilisema imezuia miamala milioni 19.2 ya kutiliwa shaka kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000. Transsion, mwenye chapa hiyo, alisema kosa lilitoka kwa msambazaji mmoja katika mnyororo wake na kwamba alishatoa marekebisho. Marekebisho hayo pia yalitaka bando.

Yanayoweza kutokea kwa kugusa kiungo kimoja yalionekana Agosti 2016 huko Falme za Kiarabu, mahali ambapo Waswahili wengi wana ndugu. Mtetezi wa haki za binadamu Ahmed Mansoor alipokea ujumbe mfupi uliomwahidi siri za wafungwa wanaoteswa, na chini yake kiungo. Hakukigusa. Alikipeleka kwa Citizen Lab, nao wakakuta kwamba ukurasa ule ungetumia matundu matatu ya iPhone, la kwanza likiwa ndani ya mtambo wa Safari, kuipandikiza Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israel. Simu ingegeuka kinasa sauti mfukoni mwake. Apple iliziba matundu hayo Agosti 25. Katika uchunguzi huo huo watafiti walikuta kiungo cha mtandao ule wa NSO kwenye ujumbe wa Twitter wa mwaka 2015 uliohusu siasa za upinzani nchini Kenya. Mtumishi wa kawaida wa halmashauri ya Chamwino hatawindwa kwa silaha ya mamilioni ya dola. Hata hivyo tabia iliyomwokoa Mansoor haikuwa ya kitaalamu: alitilia shaka ujumbe unaobembeleza uguswe.

Tanzania ina shule yake ya ulaghai, na kila mwenye laini amesoma humo. Nani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mchezo huo wa zamani haukuhitaji kivinjari. Watoto wake wa leo wanakihitaji: kiungo cha bando la bure la sikukuu, kiungo cha nafasi za kazi za mashirika makubwa, kiungo cha mikopo ya papo kwa papo, fomu ya kuhakiki taarifa za NIDA. Mara nyingi mwisho wa kiungo ni ukurasa wenye nembo ya taasisi inayoheshimika, visanduku vya jina, namba ya simu na nywila, na agizo la kuwatumia watu kumi na wawili kwenye WhatsApp ndipo zawadi itoke. Hapo ndugu anamwambukiza ndugu. Kurasa nyingine hazitaki nywila. Zinataka mtu abonyeze neno "Ruhusu" tu, na kuanzia hapo arifa za kamari na za virusi vya uongo zinamiminika kwenye simu hata kivinjari kikiwa kimefungwa.

Kwa miaka mingi watu walifundishwa watafute kufuli kando ya anwani. Mafundisho hayo yamepitwa na wakati na yanapaswa kuondolewa kwenye vipeperushi na semina za watumishi. Kufuli ilimaanisha kwamba njia kati ya simu na tovuti imesimbwa. Haikusema lolote kuhusu mwenye tovuti. Tangu mwishoni mwa 2015 yeyote, tapeli akiwemo, anaweza kupata cheti cha usimbaji bure kupitia Let's Encrypt, na kurasa za kitapeli karibu zote zikawa na kufuli. Utafiti wa Google wa mwaka 2021 ulikuta kwamba asilimia 11 tu ya washiriki waliielewa sawasawa maana ya alama ile. Septemba 2023, kuanzia toleo la 117, Chrome ikaiondoa.

Kilichobaki ni kusoma anwani yenyewe, na hili linafundishika hata kwa mzee asiyejua Kiingereza. Macho yaende kwenye mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha yarudi nyuma kuelekea kushoto. Maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo ndiyo mwenye nyumba. Yakiwa go.tz, tovuti ni ya taasisi ya umma, kwa sababu majina hayo hayauzwi kwa watu binafsi. Lakini anwani inaweza kuanza na neno ajira, ikafuatiwa na go na tz, kisha ikaendelea na nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju. Hiyo ni ya mtu mwingine, hata nembo ya taifa ikipamba ukurasa mzima. Simu nyingi hukata anwani ndefu na kuonyesha kipande tu. Inabidi kuigusa anwani ili ijitandaze yote, na sekunde hizo chache ni za thamani.

Sasa twende steshenari, maana sehemu kubwa ya serikali mtandao ya Dodoma inaendeshwa pale: kwenye vyumba vidogo vyenye mashine ya fotokopi na kompyuta mbili, karibu na vyuo, stendi, mahakama na ofisi za kata. Msimu wa maombi ya mikopo ukifika, au nafasi za ualimu zikitangazwa, foleni inatoka nje. Kijana wa steshenari ni mtu muhimu, na mara nyingi ni mwema. Anamfungulia mteja barua pepe, anamtungia nywila, anapakia vyeti, anatuma. Chrome inauliza kama ihifadhi nenosiri, naye anabonyeza ndiyo, kwa sababu ana haraka na kwa sababu mteja atarudi akiwa ameisahau. Baada ya msimu mmoja kompyuta ile inashika funguo za barua pepe, maombi ya kazi, mikopo na vyeti vya kuzaliwa vya mamia ya watu, wengi wao wakiwa na nywila inayofanana.

Wahalifu wa dunia wanazipenda sana kompyuta za namna hiyo. Ipo jamii nzima ya programu hasidi ambazo kazi yake ni moja: kuingia, kuzoa nywila na vidakuzi (cookies) vilivyohifadhiwa kwenye vivinjari, na kuondoka. Mojawapo, Lumma, ilipovunjwa Mei 2025, Microsoft ilisema imekuta kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa duniani ndani ya miezi miwili tu. Vidakuzi vikiibwa, mwizi anaingia kwenye akaunti kana kwamba ndiye mwenyewe, wakati mwingine bila hata kuulizwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Programu hizo hupenda kujificha ndani ya matoleo ya wizi ya Windows, Office na programu za kuhariri picha, yale yanayopitishwa kwa flashi kutoka duka hadi duka. Na kompyuta ambayo bado iko Windows 7 imekwama kwenye Chrome 109 ya Januari 2023.

Hapa hali fiche ya kivinjari (Incognito), ambayo wengi huielewa vibaya, ina kazi yake halali. Haimfichi mtu kwa mtoa huduma wa intaneti wala kwa tovuti anazotembelea. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kuendelea kukusanya taarifa za watu wakiwa katika hali hiyo, na mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi. Lakini kwenye kompyuta ya watu wengi, dirisha fiche likifungwa, nywila na vidakuzi vya mteja haviachwi kwa mteja anayefuata. Kila steshenari ya Dodoma ingeanza kumhudumia mteja ndani ya dirisha fiche, madhara mengi yangekatwa bila senti moja kutumika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mwenye steshenari anashika taarifa binafsi kila siku ya kazi. Anahitaji kufundishwa kwa upole kabla hajatishwa kwa faini.

Neno fupi kuhusu VPN, programu zinazopitisha intaneti ya mtu kwenye seva ya mwingine. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN wazisajili, na tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025 programu hizo zimezidi kutafutwa. Ubishi wa kisheria na kisiasa una jukwaa lake. Kiusalama, VPN ya bure isiyojulikana ni mtu wa kati kama seva ile ya Opera Mini, isipokuwa huyu hana hata jina. Watafiti wa CSIRO ya Australia walipochunguza programu 283 za VPN za Android mwaka 2016, walikuta dalili za programu hasidi katika asilimia 38, na asilimia 18 hazikusimba chochote.

Taasisi nazo zina mapenzi yao, nayo huwa ghali zaidi. Korea Kusini, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ilijenga huduma zake za benki na ununuzi wa mtandaoni juu ya teknolojia ya ActiveX, iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer pekee. Taifa zima lilifungwa kwenye kivinjari kimoja kwa zaidi ya miaka kumi, hata baada ya Ujerumani na Ufaransa kuwashauri raia wao, Januari 2010, wakiepuke kwa muda kutokana na tundu lililotumiwa kuishambulia Google. Microsoft ilikizika Internet Explorer Juni 2022. Dodoma bado ina nafasi ya kutorudia kosa hilo, maana mifumo yake mingi ni michanga. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hapa hapa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha shahada ya usalama wa mtandao. Kila mfumo wa serikali upimwe kwenye Firefox na Safari kama unavyopimwa kwenye Chrome, ufunguke kwenye simu ya bei nafuu, na umwambie mtumiaji kwa Kiswahili rahisi kwamba toleo lake limezeeka.

Kampuni za simu zina deni pia. Zimeweza kutoa vifurushi maalumu vya WhatsApp na vya YouTube. Haziwezi kushindwa kutoa megabaiti za kusasisha kivinjari bila malipo mara moja kwa mwezi, kwa laini zote. Ombi hili lipelekwe TCRA na wabunge wanaokutana hapa Dodoma, na lipelekwe kama suala la usalama wa taifa.

Wewe msomaji usingoje hayo yote. Fungua Play Store, tafuta kivinjari chako, kiwe kipi kile, na ukikuta neno "Sasisha", bonyeza leo, hata kama bando litapungua. Ingia kwenye mipangilio yake ya arifa, uondoe tovuti zote usizozikumbuka. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli ukija, usiishie kuufuta. Ripoti kwa 15040, kisha mwonyeshe mama yako jinsi ya kufanya hivyo.